Kwenda kuhesabiwa si anasa

Jumapili ya pili ya Majilio, yale majuma ya kungoja Krismasi, nilipanda treni ya mkoa kutoka Leipzig kwenda Dresden, nikarudi jioni, na nauli ilikuwa ileile niliyolipa mwezi Machi. Wiki nzima jambo hilo halijanitoka kichwani. Huku kuna tiketi ya mwezi, mwaka 2024 ilikuwa euro 49, unapanda nayo treni zote za mikoa, tramu na mabasi ya mjini, Ujerumani nzima. Behewa lilikuwa limejaa. Mabibi wamepakata keki za Krismasi walizopika wenyewe, watoto wanakwenda kuona taa, vijana wanarudi kwa wazazi na mabegi ya nguo chafu. Mkaguzi akapita, akaangalia simu zetu, akatutakia Majilio mema. Hakuna aliyetazamwa mzigo wake kwanza ndipo atajiwe bei.

Jioni hiyohiyo mdogo wangu akanitumia ujumbe kutoka Mbagala, Dar: "Dada, wanataka elfu 55 mpaka Himo, na wanasema ikifika tarehe 20 nisiulize tena."

Ni shilingi za nauli ya basi kwenda kwetu Kilimanjaro kula Krismasi, safari ile ya Desemba wanayoiita kwenda kuhesabiwa. Watu wa nyumbani hamhitaji maelezo. Dirishani siti zimeisha, lakini mpiga debe anazo. Kwenye tiketi kumeandikwa bei halali, mkononi umetoa nyingine. Unashuka Himo, unalipa ya Arusha. Ukilalamika unaambiwa shuka, wapo wanaoitaka hiyo nafasi, na kweli wapo, wamesimama nyuma yako na maboksi yao. Mama mwenye watoto watatu analipia siti mbili, mmoja anampakata, mwingine anakaa kwenye ndoo katikati ya njia mpaka Korogwe.

Nauli elekezi ipo. Ilipopandishwa Desemba 2023, LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, waliweka shilingi 48.47 kwa kila kilometa kwa abiria wa basi la daraja la kawaida. Dar hadi Moshi ni kama kilometa 560. Zidisheni wenyewe, haifiki elfu 28, na Himo unashuka kabla ya Moshi. Basi analotaka kupanda mdogo wangu si la kifahari. Siti zimechakaa na kiyoyozi ni dirisha. Zile elfu nyingine 27 ni za nini?

Najua nitakayoambiwa. Umefika Ulaya, umeonja treni, sasa unatuletea kiburi. Jamani, mimi nimekulia kwenye mabasi hayo. Nimesimama kutoka Ubungo mpaka Segera, enzi hizo stendi haijahamia Mbezi, nimeshika chuma cha siti na mfuko wa mchele wa Mama uko kati ya miguu yangu. Desemba hii nauli za watu kadhaa wa nyumbani kwetu zinatoka kwenye mshahara wangu wa uuguzi, zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Ninayelipa nina haki ya kuuliza ninalipia nini. Na hata nisingelipa, ningeuliza, kwa sababu Mwika ni kwetu, Ujerumani ni kazini.

Tena sijasema huku ni peponi. Treni za mwendo kasi tiketi yetu haizigusi, na zenyewe karibu na Krismasi bei zinapaa hasa ukichelewa kununua. Ndege ya kuja KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, mwezi huu sitaki hata kuitaja. Hiyo ya euro 49 nayo Januari 2025 ilipanda, ikawa 58, na wenzangu kazini walilalamika mpaka wakachoka. Lakini hiyo 58 ilitangazwa tangu Septemba 2024. Mtu alipata miezi mitatu ya kujipanga, na haikuanza wiki ya Krismasi, ilianza mwaka uliposhaanza. Hapo ndipo roho yangu ilipogota. Bei kubwa naweza kuivumilia. Siwezi kuvumilia bei inayotungwa asubuhi kwa kukutazama usoni, wakati mtu anajua huwezi kukataa kwa sababu Mama ameshachinja.

Kuna atakayesema Wajerumani wana hela, serikali yao inalipia. Kweli, serikali kuu na majimbo wanaweka euro bilioni 3 kwa mwaka kwa ajili ya tiketi hiyo, na sisi hatuna bilioni za namna hiyo. Sijaomba ruzuku. Kuheshimu bei iliyokwisha andikwa kunahitaji ruzuku gani?

Hoja yenye uzito ni moja, na wenye mabasi huitoa kila mwaka: Desemba basi linapanda Kilimanjaro limejaa, linarudi Dar tupu. Mafuta ni yaleyale, dereva anataka posho ileile, na Januari mambo yanageuka, linapanda tupu kwenda kuwachukua wanaorudi. Hii naikubali. Mtu hawezi kuendesha biashara kwa siti tupu kilometa 560. Basi iwekeni hesabu hiyo mezani. Semeni mwezi Oktoba: kuanzia tarehe 15 Desemba nauli ya Moshi ni kiasi fulani, imeongezwa kiasi fulani kwa sababu ya kurudi tupu, LATRA wameikagua wamepitisha. Uzeni ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, ili hela ya Januari muipate mapema. Tiketi za mtandao zipo tayari, simu kila mtu anayo. Mwenye kibanda cha chipsi atadunduliza kidogo kidogo tangu Oktoba na ataipata. Asichoweza ni kupata elfu 27 za ziada kwa usiku mmoja.

Mdogo wangu ameamua kuondoka tarehe 16. Anauza nguo za watoto za mitumba, na wote mnajua mauzo ya mitumba ya watoto yako lini. Ni wiki ile ya mwisho kabla ya sikukuu, ambayo mzazi hata akiwa hana, atatafuta gauni. Wiki hiyo ndiyo inayolipa kodi ya chumba mpaka Machi. Yeye anaiacha, anafunga meza, anapanda basi mapema kukwepa nauli ya tarehe 22. Nikimwambia abaki nitamwongezea, ananijibu, "Dada, kwa nini hela yako wapewe wao?" Nikakosa la kumjibu.

Wako watakaoniambia: si abaki Dar, Krismasi inaliwa popote. Anayesema hivyo hajui kwetu. Watani wetu wanasema Wachaga tunakwenda kuhesabiwa, sawa, wacheke, na kweli tunahesabiwa. Desemba ndipo kikao cha ukoo kinakaa, mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, inazungukwa wazee wakiwa wazima, watoto waliozaliwa mjini wanabatizwa kwenye kanisa alilobatizwa babu yao, aliyefiwa Mei anapewa pole na walioshindwa kuja kuzika. Kesi ya shamba ambayo mahakamani ingechukua miaka inaishia chini ya migomba kwa kata mbili za mbege, kwa sababu siku hiyo wote wapo. Hiyo unaitaka ifanyike kwa video?

Hapa ndipo ninapojivunia nyumbani kuliko kitu chochote cha huku, na ninasema bila kupepesa. Tarehe 24 hapa maduka yanafungwa saa nane mchana kwa sheria, mji unanyamaza, kila mtu na mlango wake. Nitakuwa zamu. Mwaka jana tarehe hiyohiyo kulikuwa na mzee aliyenyolewa vizuri, amevaa koti, amekaa anaangalia mlango tangu saa tisa, na mwanawe anaishi mwendo wa tramu. Treni ipo, nauli ni ileile, haijapanda hata senti, na mtu hakuja. Kwetu watu wanalipa mara mbili ya bei, wanakaa juu ya ndoo, wanakesha njiani, na bado wanakuja.

Jumamosi nilisikia tarumbeta nje ya kanisa la Thomas, wimbo uleule tunaoupiga Mwika. Wamisionari wa Leipzig ndio waliofika Machame mwaka 1893, kwa hiyo nyimbo hizo si ngeni kwetu. Nilisimama kwenye baridi nikasikiliza mpaka mwisho, na nasema tena bila kuona haya: vijana wa kwetu wanazipuliza kwa nguvu zaidi, na umati unaowasikiliza umejaa mpaka barabarani. Watu wenye hamu ya kwao namna hiyo ndio wanaogeuzwa chambo kila mwaka mwezi wa kumi na mbili. Wakenya wanaokwenda Kakamega na Kisii wananielewa, maana yao ni hayohayo.

Reli nayo isisahaulike. Desemba 2019 treni ya abiria ya Moshi ilirudi baada ya miaka kama 25, na watu waliipokea stesheni kwa shangwe, nakumbuka picha zile. Iongezewe mabehewa mwezi huu mmoja. Mwenye basi akijua abiria ana pengine pa kwenda, kauli yake dirishani itabadilika siku hiyohiyo.

Wenye mabasi mnaosoma hapa, na najua mpo, maana wengi wenu ni wa kwetu na mama zenu wanawasubiri vihamba vilevile: Oktoba mwakani tangazeni nauli ya tarehe 22 na ya kurudi tarehe 4 Januari, bandikeni ukutani Mbezi na kwenye simu, mkiwa na sababu ya kuongeza iandikeni. Mimi nitanunua tiketi za watu wangu siku ya kwanza, kwa bei hiyo, na sitawaomba mpunguze.