Eti Mchekeshaji Kasema

Jamani naomba kuuliza, hivi siku hizi mtu akitaka kujua kama mvua itanyesha anamuuliza nani? Maana leo nimeambiwa, tena kwa sauti ya kunihurumia, kwamba mi ni mshamba, naamini Mamlaka ya Hali ya Hewa wakati kuna mchekeshaji kashasema wale jamaa ni waongo. Kasema wapi? Kwenye klipu. Basi, kesi imeisha.

Ni kwa kinyozi wangu hapa mtaani. Nimekaa kwenye kiti na heshima zangu zote, baba wa watoto, mjumbe wa kamati ya harusi ya kila mtu, nikamwambia dogo fanya chap, wametangaza mvua kubwa mikoa ya pwani, isije ikanikuta njiani. Mashine ikazimika. Sio umeme, umeme kwa maajabu ulikuwepo, kazima mwenyewe. Kichwa changu kushoto kimenyolewa, kulia kichaka, yeye anapangusa mikono kwenye suruali anatafuta simu. "Mzee subiri, hii lazima uione."

Mchekeshaji kavaa suti ya baba yake, suruali imepanda mpaka kifuani, miwani imefungwa na uzi, anasoma utabiri: mvua itanyesha katika maeneo machache. Anaulizwa, maeneo gani mheshimiwa? "Yale yatakayolowa." Saluni nzima hoi. Na mi nilicheka, nisidanganye, ile suruali inachekesha. Ila mi nilicheka nikamaliza, wenzangu wakaigeuza ushahidi.

"Si unaona? Jobo je? 2021 tuliambiwa kimbunga Jobo kinakuja Dar, tukafunga madirisha, kikaja?" Nikamwambia kiliishiwa nguvu kabla hakijatufikia, kimbunga nacho huwa kinachoka. "Aaah, kimechoka!" Mwingine anayesubiri zamu akadakia, na Kenneth je, 2019, Mtwara shule zikafungwa, watu wakahamishwa, wakakisubiri weee, hakuna kitu. Nikasema kaka, Kenneth kilikuja, kilitua Cabo Delgado, Msumbiji hapo, ng'ambo ya Ruvuma, na kikaua watu. Akanijibu ametulia kabisa, "Sasa Msumbiji ni Tanzania?"

Nikaleta Hidaya. Mei 2024, walitangaza au hawakutangaza? Boti za Zanzibar zikasimama, kikatua Mafia, barabara ya Lindi ikakatika pale Somanga. Kimya. Kinyozi akaipuliza mashine yake, puu, akasema, "Hiyo walibahatisha." Yaani wakikosa ni waongo, wakipata wamebahatisha. Sa wafanyeje, wanyeshe wenyewe?

"Afu Mungu alishatubariki, bongo hakunaga vimbunga." Dogo, huwa vinatukwepa kwa sababu tuko karibu na ikweta, huku ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayokisokota kimbunga ni ndogo, lakini kutukwepa sio kiapo. Aprili 1872 kimoja kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu kikazamisha na majahazi, Aprili 1952 kingine kikaivamia Lindi. Akaniangalia. "Ulikuwepo?" Sikuwepo. Akawageukia wenzake, "Mnamsikia?"

Sasa katika kuitafuta klipu nyingine, kidole kikateleza, kwenye ukurasa wa mchekeshaji yuleyule likatokea tangazo: ile shoo ya uwanjani imesogezwa mbele kutokana na taarifa za hali ya hewa. Nikaidaka ile simu. Nikasoma kwa sauti, taratibu, koma kwa koma. Kinyozi akalitazama tangazo, akalikuza kwa vidole viwili, akalitazama tena, akasema:

"Hapo anatania."

Mi nikasimama. Kitambaa kiko shingoni, nywele ziko mdomoni, kichwa nusu, napiga kelele kwamba akitania mnasema ukweli, akisema ukweli mnasema anatania, mnataka nini nyie watu! Mtoto aliyeletwa kunyolewa akaangua kilio, mama yake akanikata jicho, ikabidi nikae. Amenimalizia ila kanipiga kipara, kasema ndo inaondoa stresi.

Sina ugomvi na wachekeshaji mimi. Kazi yao kutania, na mbona mganga wanamtania vilevile, kaniki, vibuyu, kupiga chafya kumi kwa niaba ya mizimu. Ila mganga tukishamcheka, usiku tunaenda. Daktari tukishamcheka hatuendi. 2011 watu walisafiri mpaka Samunge, Loliondo huko, foleni ya magari kilomita na kilomita, kikombe cha dawa ya babu shilingi mia tano, na hakuna aliyesimama kwenye foleni akauliza babu hii inafanya kazi kwa asilimia ngapi. Mtabiri wa mvua akisema asilimia sabini, unaambiwa ona, hana uhakika. Na tangu tuambiwe papai limepimwa limekutwa na korona, 2020 ile, kila mtu ni mkuu wa maabara. Shemeji yangu kipimajoto anakiweka upande wa nyuma, lakini kuhusu chanjo ana msimamo. Anko kwenye grupu la familia ndo kabisa, leo kaleta ya kitunguu swaumu kwenye soksi, nimejibu na dole gumba maana ndo mwenye shamba.

Mvua mnataka kujua kama ilinyesha? Imenyesha! Nimeshuka Ubungo imenifungukia, maji mpaka kwenye magoti, kiatu kimoja kimeenda nikakifukuza, kipara hakina hata cha kuzuia tone, huku simu inaita, kinyozi. Eti, "Mzee, huku kwetu jua kali, vipi, ile mvua yenu?" Nikawa nageuza simu asikie zile ngurumo, akasema hayo malori.

Anayeiamini sayansi jiji hili ni mmoja tu, muuza miamvuli. Asubuhi jua linawaka yeye kashapanga miamvuli barabarani, hana klipu, hana mjadala. Tone la kwanza, wa elfu tano ukawa elfu nane, la pili, elfu kumi. Nikanunua wa elfu tisa baada ya kuombana, nikaufungua, upepo ukaja ukaugeuza ukatazama juu, ukawa unakusanya maji badala ya kuyazuia. Nikarudi nimwambie kijana, huu mwamvuli gani? Akasema mzee huo ni wa jua. Na ile buku yangu ya chenji? Hana chenji, kanipa bablishi. Bablishi! Mtu mzima nimesimama kwenye mvua na bablishi mkononi, hivi ni nani alipitisha kwamba bablishi ni hela, maana mi nikiingia nazo kwenye daladala konda ananishusha.