Si kila galaksi inatoa milipuko hii

Habari niliyoisoma kuhusu milipuko ya miale ya gama (mimweko mifupi na mikali mno ya nishati kutoka galaksi za mbali) imeeleza vizuri, ila pale inaposema hutokea kwenye galaksi yoyote kubwa kama yetu, hapo pana tatizo. Milipuko mirefu, inayozidi sekunde 2, hutokana na nyota nzito zinazoporomoka zikingali changa. Kwa hiyo galaksi inamotokea mara nyingi ni ndogo, za bluu, zinazaa nyota kwa kasi na zina uhaba wa elementi nzito. Mifupi hutokana na nyota za nyutroni (viini vizito vilivyobaki baada ya nyota kubwa kufa) kugongana, tena pengine baada ya mabilioni ya miaka, ndiyo maana hukutwa hata kwenye galaksi kongwe. Mfano ni mlipuko wa Agosti 17, 2017 katika galaksi ya NGC 4993, umbali wa miaka-nuru kama milioni 130. Kwetu huku Mtwara, usiku wa Mei eneo lile la anga hupita karibu na utosi, ingawa galaksi yenyewe inataka darubini.

Kupima umbali wa galaksi yenye mlipuko, subiri mwanga wa mlipuko ufifie, kisha chambua nuru ya galaksi. Mstari wa oksijeni (rangi maalumu ya nuru inayotolewa na gesi hiyo) wa nanomita 372.7 ukiukuta kwenye 745.4, mawimbi yamerefuka mara mbili; kadiri yanavyorefuka, ndivyo galaksi ilivyo mbali.

Kinachoharibu hesabu ya galaksi zenye milipuko ni vumbi: humeza mwanga wa kawaida, na galaksi kubwa zenye vumbi zikaachwa nje ya orodha. Na tusitegemee sekunde peke yake kujua chanzo cha mlipuko. Mlipuko uitwao GRB 211211A ulidumu kama dakika nzima, lakini dalili zake zilikuwa za nyota za nyutroni zilizogongana.