Janti Zing'ae, Baba

Mtu aliyeamua kwamba harusi za Lubumbashi zifungwe mwezi wa saba hakuwa na gari. Angekuwa nalo, angezisogeza mpaka mwezi wa pili, mvua inyeshe, magari yaoshwe bure kutoka mbinguni, sote twende kula wali. Lakini wapi! Sisi tunangoja mvua iishe mwezi wa nne, tunangoja barabara zikauke kabisa, tunangoja lile vumbi jekundu linyanyuke likae sawasawa hewani, ndipo tunapovaa nguo nyeupe na kusema: haya sasa, tuoane.

Na baridi je? Watu wa pwani wakisikia Kongo wanadhani sote huku tunatoka jasho mwaka mzima. Waje alfajiri ya mwezi wa sita. Mji uko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi nyingine kipimo kinashuka chini ya digrii 10. Mlinzi wa jirani amevaa makoti mawili na kofia ya sufi, amekumbatia mbabula yake, lile jiko la makaa, kama vile wanataka kumnyang'anya. Ukimsalimia anajibu kwa macho, mdomo anautunza. Kwa hali hiyo mwenye akili zake anabaki kitandani. Mimi nimetumwa kuosha gari.

Nimetumwa na mama watoto, ambaye naye ametumwa na mama yake, ambaye anaoza binti yake wa mwisho Jumamosi na amegundua kwamba gari langu ni jeupe. Weupe huo ndio balaa lote. Msafara wa harusi unatakiwa uwe wa magari meupe matupu, na kwenye karte roze yangu, kadi ya gari, wameandika jeupe. Sikatai. Lilitoka Japani jeupe, likashuka melini Dar es Salaam jeupe, usukani upande wa kulia kama wenzake wote. Tangu lilipovuka mpaka wa Kasumbalesa ni rangi ya tofali. Lakini mama mkwe anaamini karatasi.

"Baba," akaniambia kwenye simu, kwa ile heshima ya wakwe inayokukaba koo, "juu hata likiwa hivihivi si neno. Ila janti zing'ae. Watu wanaangalia janti."

Watu gani? Janti ni rimu za magurudumu tu. Nimekwenda harusi nyingi katika mji huu, Katuba, Ruashi, Kampemba, sijawahi kumwona mgeni akiinama chini ya gari kabla ya kukabidhi bahasha. Mgeni anaangalia sahani zinatokea mlango gani. Lakini mkwe akishasema umeshasikia.

Sasa hilo vumbi lenyewe mlijue. Mji huu ulianzishwa 1910 kwa sababu ya shaba, mwaka uliofuata tanuru likaanza kuyeyusha, na toka hapo kuna mtu anachimba na kuna mtu anabeba. Malori ya shaba yanateremka barabara ya taifa namba moja kuelekea mpakani usiku na mchana, na kila lori lina heshima zake: linakuachia kumbukumbu. Ukiingia mitaani kwetu, lami inakuaga kwa mkono. Udongo ni mwekundu, mwembamba, unapita kwenye mpira wa mlango, unapita kwenye tundu la ufunguo, unaingia kwenye kile kisanduku cha mbele ambacho sijakifungua tangu ninunue gari. Nikipiga kiti kofi, abiria wanakohoa.

Mlango wa nyuma ndio daftari la nyumbani. Kijana wangu amefanyia hapo hesabu za mara saba, kwa kidole, safi kabisa, na saba mara nane amekosea. Nikasema nisifute kwanza, mwalimu aone. Mama watoto akaniangalia. Nikafuta.

Tuje kwenye magurudumu, maana ndiyo yaliyonitoa kitandani. Vumbi jekundu peke yake lina huruma, ukilimwagia maji linaondoka. Mkaidi ni ule weusi. Unapokanyaga breki, vile vibao vinasuguana na diski, vyote viwili vinalika, na unga wake wa chuma unaruka ungali wa moto na kujibandika kwenye janti. Mbele ndiko kubaya zaidi, kwa sababu unapofunga breki uzito wote unakimbilia mbele. Nyuma kwenye gari dogo kama langu kuna ngoma, uchafu wake zinaula zenyewe ndani. Na hapa kwetu ni nani asiyefunga breki? Shimo, dodani, yaani tuta la barabarani, mbuzi, mwuza mikate, dodani nyingine ambayo wananchi wamejijengea wenyewe usiku. Huo unga ukichanganyika na udongo wetu na umande wa asubuhi unakuwa ukoko mgumu usiosikia sabuni. Halafu janti zangu zina kofia za plastiki, aina tatu kwa magurudumu manne, zimefungwa kwa vikamba vya plastiki ili zisihame kwenda gari jingine. Kusugua nyuma ya kofia lazima ukate vikamba. Ukishakata, ununue vingine. Usipokata, upitishe mswaki kwenye matundu. Nilipitisha mswaki. Asiulize mtu ulikuwa wa nani, ndani ya nyumba kesi hiyo bado iko wazi.

Nikamtumia shemeji yangu wa Montreal sauti kwenye simu, nimlalamikie kidogo, moyo upoe. Kumbe ndiyo nimemfungulia bomba. "Shemeji, wewe unalia vumbi? Huku wanamwaga chumvi!" Akanieleza. Theluji ikianguka, malori ya mji yanapita yakimwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Barafu inayeyuka kweli, lakini ile tope ya chumvi inarukia chini ya gari na kuanza kutafuna chuma polepole, kwa hiyo usipoosha gari linaoza likiwa miguuni pako. Ukiosha nje kwenye baridi yao, maji yanaganda kwenye mpira wa mlango, asubuhi mlango haufunguki. Ukisema ulainishe kioo chenye barafu kwa maji ya moto, kioo kinaweza kupasuka. Na matairi! Jimbo la Quebec lina sheria: kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi, gari lazima livae matairi ya baridi. Gari linabadilishiwa viatu kwa amri ya serikali, na huku mimi nina mtoto anakwenda shule na ndala.

Nikamwonea huruma kwa kitambo kidogo. Halafu akaniambia yeye haoshi kwa mkono, anaingia na gari ndani ya mashine, anakaa humohumo kwenye kiti, joto limewashwa, brashi zinazunguka, anatoka upande wa pili linang'aa. Huruma yangu nikairudisha mfukoni. Mtu anaoshewa gari akiwa amekaa ndani yake na bado analalamika! Hiyo chumvi yote, sisi tungeiweka kwenye samaki wetu wa tomsoni.

Lakini ushauri alitoa, wa kitaalamu, na ushauri wa bure hauna gharama mpaka uufuate. Anza na magurudumu, akasema, yakiwa yamepoa, maana diski ya moto ukiimwagia maji baridi inaweza kupinda. Na ndoo ya magurudumu isiwe ndoo ya bodi, kwa sababu mchanga wa chini utachora rangi ya juu. Sawa, shemeji. Nyumbani kuna ndoo mbili. Moja ni yangu. Ya pili ni ya mama watoto, ya kulowekea mihogo, na mimi bado nataka kuishi.

Ndiyo maana nikaliacha gari kwa vijana waoshaji pale karibu na barabara ya Kasapa. Nyumbani bomba linatoa maji usiku wa manane tu, tena kwa kusitasita, na umeme nao ulikuwa umesafiri. Kwa vijana nikakuta madumu ya manjano yamepangwa, vitambaa, na mkubwa wao amevaa koti la kike lenye manyoya shingoni.

"Papa, hii mayi inakata vidole," akaniambia, hata kabla ya kuyagusa. "Utaongeza kidogo."

"Niongeze nini? Baridi ni yangu?"

"Hapana Papa. Lakini na gari si ya baridi."

Jibu hilo nimelitafakari mpaka leo. Tukaelewana bei ya gari. Nikadhani tumemaliza.

"Na janti?"

"Janti haziko kwenye gari?"

"Ziko, Papa. Lakini janti ni kazi yake." Akaniitia mdogo wake, mtoto mwembamba amechutama tayari na waya wa kusugulia sufuria. Wa sufuria! Nikapiga kelele, waya ule ungenyoa rangi ya janti yote. Akachukua kitambaa, kwa uso wa mtu aliyeonewa, akaanza kuchokonoa tundu moja moja kwa kidole. Hapo lazima niseme ukweli, mtoto alifanya kazi. Weusi ulitoka kidogo kidogo, chini yake ikatokea rangi ya fedha ambayo sikujua ninaimiliki. Nilisimama nikaangalia gurudumu langu kwa mapenzi, mikono kwapani, pua inatiririka.

Na hapohapo, gari lingali limelowa, yakaanza kunyesha majivu.

Msio wa huku hamjui. Kiangazi hiki watu wanachoma pori, upande wa Kipushi, upande wa Likasi, kila upande. Wengine wanaandaa mashamba, wengine wanawinda panya, wengine basi tu wameona majani makavu na wana kiberiti. Vile vipande vyeusi vya majani yaliyoungua vinapanda na moshi, vinasafiri, halafu vinashuka taratibu vikichagua pa kutua. Uwanja mzima ulikuwa wazi, vikachagua boneti yangu. Ukikifuta kwa mkono kinakuwa mstari wa wino. Nikamwangalia mkubwa wa vijana. Akaangalia mbinguni, akaangalia majivu, akasema bila aibu: "Hiyo ni bei ingine, Papa."

Bado wakanipa zawadi, eti kwa sababu mimi ni mteja mzuri: walipaka matairi yote manne mafuta meusi ya kung'arisha, kabla sijasema hapana. Yalinuka dizeli, na dizeli inalainisha na kuharibu mpira, hilo fundi yeyote atakuambia. Lakini kwa dakika chache, nakiri, yalipendeza kuliko viatu vyangu. Kisha nikatoka kwenye kiwanja chao, nikapiga kona ya kwanza isiyo na lami, na vumbi lote la mtaa likaona matairi yamelowa mafuta likasema karibuni. Nikafika nyumbani na andazi nne.

Jumamosi tukaondoka, msafara, taa zimewashwa, honi juu, maua yamebandikwa kwa gundi ya plasta. Gari la kwanza lilikuwa la bwana harusi. Mimi nilikuwa wa sita. Wenye magari wanajua maana yake: gari la kwanza linaona barabara, la sita linaona vumbi la matano. Nimefunga vioo, mama mkwe yuko nyuma na kilemba chake, shangazi wawili wamembana, hakuna anayepumua. Wapiga honi wakapita kwenye njia ya mkato ili wakwepe foleni ya malori, na njia ya mkato katika mji huu ni ile ambayo hata greda haliijui. Tulipofika mbele ya kanisa magari yote yalikuwa rangi moja, kwa hiyo kwa upande huo msafara ulifana sana. Nilishuka na kitambaa, nikazunguka nikifuta janti kwa siri, suti imeinama, tai inagusa ardhi, mtoto mmoja akaniuliza kama mimi ndiye dereva.

Picha zimekuja juzi kwenye simu. Nimezipitia zote, moja baada ya nyingine. Bibi harusi kwenye dirisha la gari. Bibi harusi na maua kwenye boneti. Mama mkwe anashuka, mguu haujafika chini, picha imekatwa kwenye goti. Gurudumu hakuna. Hata nusu gurudumu. Nikampigia mpiga picha, nikamwuliza kwa upole, magurudumu yako wapi?

"Papa," akasema, "mimi nilipiga harusi."

Mama mkwe yeye ameridhika. Amenitumia ile ya kwenye dirisha, inaonekana nusu ya mlango na kioo kidogo, na maneno chini yake: "Unaona, Baba? Janti ziking'aa, picha inatoka. Mwezi wa nane tunaoza wa dada yangu."