Danadana za duara: kinachohesabiwa ni kila mtu amegusa, basi

Mi nina msimamo mmoja kuhusu danadana za kifuko na nausema mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Gemu ya duara, ile ya watu wanne watano wamesimama wanapigiana kifuko kwa miguu kisidondoke, haitakiwi kuwa na mshindi, na kitu pekee cha kuhesabu pale ni mzunguko, yani kifuko kimepita kwa kila aliyesimama kabla hakijagusa chini. Nani kapiga nyingi, nani ana staili kali, nani kabaki wa mwisho, hayo yote naona yanaharibu.

Kwa ambaye hajawahi kukishika, kifuko chenyewe ni kidogo, kinaenea kwenye kiganja, kimeshonwa kwa vipande vya ngozi au kitambaa au kimefumwa kwa uzi, ndani kuna punje za plastiki au mchanga au mbegu, na hakijazwi mpaka kikakaza, kinaachwa kilegee kidogo ili kikitua juu ya kiatu kikae kisidunde. Mikono hairuhusiwi, vingine vyote ruksa, mguu, goti, paja, kifua, hata kichwa. Anayeanzisha anamrushia mwenzake taratibu kwa mkono, hajianzishii mwenyewe, na kikianguka aliye karibu anakiokota anaanzisha tena kwa mtu mwingine. Sheria zimeisha hapo, mtoto anaelewa kwa dakika moja.

Sasa chukua duara la watu watano. Wanne washagusa, kimebaki kwa yule aliyejiunga leo ambaye mguu wake bado haujui kifuko kinashukaje. Kama mnahesabu pointi za mtu mmoja mmoja, fundi wa duara hana sababu yoyote ya kumpa huyo, atampa fundi mwenzake, gemu itaendelea kupendeza na mgeni atabaki anaangalia tu miguu ya watu. Ila mkihesabu mzunguko, fundi hana pa kukwepea. Lazima kifuko kimfikie yule, na kufika peke yake hakutoshi, kifike kinapigika, maana mgeni akikikosa mzunguko umekufa na ufundi wote uliotangulia haujazaa kitu. Yani ufundi wake wote, ile miezi ya kujifunza kukituliza kwenye vidole, unaishia kumtengenezea mwenzake nafasi moja nzuri. Mi sijui mchezo mwingine mwepesi hivi ambao unamlazimisha aliye juu kabisa kumfikiria aliye chini kabisa kila baada ya sekunde chache, na bila mtu kuambiwa awe mwema.

Na pasi inayopigika ina mambo yake, watu wanaichukulia poa. Iende juu kwanza, ipite usawa wa kifua, maana kifuko kikipanda kikapoa kinashuka wima na mgeni anapata muda wa kukiona, lakini kikimjia kwa kunyooka kimempita kabla hajaamua atumie mguu upi. Ishukie mbele yake kidogo, upande wa mguu anaoupendelea, isimfanye arudi nyuma, mtu anayerudi nyuma huku katazama juu hawezi kupiga kitu cha maana. Mwangalie fundi wa kweli akiletewa kifuko kibovu, kinamjia kasi usawa wa kiuno. Hakirudishi pale pale. Anakipandisha kwanza kwa goti, kikishuka anakipokea juu ya vidole vya mguu na kukiacha kitulie pale, mguu mmoja hewani, anaangalia mgeni kasimamaje, uzito kauweka mguu gani, ndo anakiinua kumpelekea. Amegusa mara tatu na hakuna hata moja ya mbwembwe, zote zilikuwa za kugeuza pasi mbovu kuwa pasi ambayo mwingine ataiweza. Hiyo mi naipigia makofi kuliko mtu anayezungusha mguu mara mbili kukizunguka kifuko kikiwa hewani, ingawa hiyo nayo najua ni ngumu na inahitaji mazoezi ya muda mrefu.

Mgeni naye ana kazi yake bana, asibebwe tu. Wengi wanapiga mapema na kwa nguvu, kifuko bado kiko usawa wa tumbo mguu ushatoka, kinampata kwenye ugoko kinapotelea huko nje ya duara. Subiri. Acha kishuke mpaka usawa wa goti au chini ya hapo, goti la mguu uliosimamia lipinde kidogo, mguu unaopigia ugeuze upande wa ndani utazame juu ukalale bapa, kifundo ukikaze, alafu kiinue kama vile unakibeba. Macho yasiondoke kwenye kifuko mpaka kimegusa kiatu. Viatu vyenyewe viwe bapa, vyepesi, vipana mbele, kiatu chenye ncha kinakitupa kifuko pembeni hata ukipiga vizuri. Mtu akishika hayo mambo machache tu, siku hiyo hiyo unaona anaanza kurudisha mpira, samahani, kifuko, kwa watu badala ya kukipeleka mbali.

Na hapo kwenye samahani ndo kuna sheria nyingine naipenda kuliko zote. Ni ya siku nyingi kwenye maduara: kwenye duara hakuna kuombana radhi. Umekosa, umekosa, okota anzisha. Wageni inawashinda sana, kila kifuko kikianguka anashika kichwa, jamani nisameheni, jamani nawaharibia, na wenzake nao inabidi waache walichokuwa wanafanya wamwambie usijali usijali, gemu imesimama. Alafu ukimwangalia mwili wake baada ya hapo, mabega yamepanda, mguu umekakamaa, pasi inayofuata anaikosa tena kwa sababu anaiogopa. Ukimkataza kuomba radhi unamwondolea mzigo. Kuangusha ni sehemu ya mchezo, kifuko kinaanguka hata kwa wanaoshindana dunia nzima, sembuse kwetu tunaopiga jioni baada ya kazi. Na sheria hiyo inambana fundi pia, asijifanye anaguna au kutikisa kichwa mwenzake akikosa, maana kuguna nako ni kudai radhi kwa njia ya mdomo umefungwa.

Kuna wanaosema gemu bila kushindana inachosha, na ndo wanaleta ile ya kutoana. Inavyochezwa, mnapiga mpaka mzunguko utimie, ukitimia tu yeyote anayefikiwa na kifuko anaruhusiwa kukidaka kwa mkono na kumrushia mtu, akimpata huyo katoka, mnaendelea waliobaki. Inasisimua, sikatai, watu wanakimbia wanacheka. Ila angalia nani anatoka wa kwanza kila siku: ni yule yule asiyejua, anayehitaji kugusa kifuko mara nyingi zaidi ya wote, ndo anakaa pembeni muda mrefu zaidi ya wote. Angalia na kinachotokea kwenye duara lenyewe, mzunguko ukikaribia kutimia watu wanaanza kurudi nyuma, duara linatanuka, macho yanahama kutoka kwenye miguu ya mwenzako kwenda kwenye mikono yake, pasi zinakuwa ndefu na mbovu. Mkiwa wote kiwango kimoja na mnataka kuchangamsha damu chezeni, sina neno. Duara lenye hata mgeni mmoja, hapana.

Hata mwanzo wa kifuko hiki cha kisasa uko upande wangu. Ilikuwa 1972, Oregon City huko Marekani, Mike Marshall alikuwa na kifuko kilichoshonwa kwa mkono anakipigapiga, akakutana na John Stalberger ambaye alikuwa anauguza goti lililofanyiwa upasuaji na anatafuta namna ya kulirudisha. Wakaanza kupigiana. Hebu fikiria pasi anazopewa mtu mwenye goti bovu, lazima ziwe za kupimwa, huwezi kumtupia hovyo. Marshall alifariki 1975 kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 28 tu, mwenzake akaendelea na kazi peke yake mpaka 1983 haki za Hacky Sack, ndo jina walilokipa kifuko chao, zikauzwa kwa Wham-O, kampuni hiyo hiyo inayotengeneza Frisbee, kile kisahani cha kurushiana, na kuanzia hapo kifuko kikasambaa kila mahali. Lakini mbegu yake ni watu wawili, mmoja mzima mmoja anachechemea, wanasaidiana kisidondoke.

Na wazo lenyewe ni la kale kuliko Oregon kwa mbali. Japani kuna kemari, watu wa ikulu walikuwa wanaicheza zaidi ya miaka elfu iliyopita, mpira wa ngozi ya paa, wanasimama duara wanapigiana usianguke, na hakuna upande unaoshinda. Myanmar kuna chinlone, mpira uliosukwa kwa henzirani, watu sita kwenye duara, mmoja anaingia katikati kuonyesha ufundi na watano wanaomzunguka kazi yao ni kumrudishia mpira pale anapoutaka. Watu wa sehemu tofauti, nyakati tofauti, wakishika kitu kidogo cha kupiga kwa mguu wanaishia kwenye duara na kwenye kusaidiana, mi siamini hiyo ni bahati. Mwaka 2013 Myanmar walipoandaa SEA Games, michezo ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, wakaingiza chinlone kwenye mashindano, ikabidi zitungwe sheria za pointi na waamuzi, na naelewa kwa nini, nchi ilitaka mchezo wake uonekane. Ila duara la mtaani lisilo na mwamuzi bado ndo mama yake.

Sasa asije mtu akasema nachukia mashindano. Kifuko kina mashindano yake rasmi ya dunia, kuna ya kupigiana juu ya wavu kwenye uwanja wa ukubwa wa badminton, wavu una urefu wa mita moja na nusu hivi kutoka chini na miguu inaruka juu yake mpaka unashangaa, kuna ya staili na muziki mbele ya majaji, na kuna rekodi za kupiga mfululizo. Mwaka 1997 Ted Martin alipiga mara 63,326 bila kuangusha, ikamchukua saa 8, dakika 50 na sekunde 42. Karibu saa tisa! Hata kukaa tu unatazama utachoka. Namheshimu kabisa. Lakini mwaka uliofuata Gary Lautt na Tricia George, wawili wakipigiana, walifika 132,011, zaidi ya mara mbili ya ile ya mtu mmoja, na kila nikizisoma hizo namba mbili roho yangu inaenda kwa ile ya pili, kwa sababu pale kila mmoja alikuwa ameshika rekodi ya mwenzake kwenye mguu wake kwa masaa na masaa.

Tatizo langu ni pale mashindano yanapoletwa kwenye duara la kawaida bila kuitwa. Unamjua yule, kifuko kikimfikia hakitoki. Kumi, kumi na tano, ishirini, anazungusha, anakilaza nyuma ya kisigino, wengine mmesimama mikono mfukoni, alafu kikianguka ni kwake na anakuja na swali mmeona ile? Tumeona. Anayetaka kujifunza staili mpya ana ukuta, ana uwanja, ana muda wake wa peke yake, aende huko, akirudi kwenye duara agawe. Sisi tunajiwekea kikomo bila kuambizana sana, ukishagusa mara tatu nne umetosha, toa. Mkijikuta mko wote mafundi mnaweza kuongeza ugumu wa mzunguko wenyewe, mfano kila mtu aguse kwa mguu wa kushoto, au mzunguko uende mara mbili bila kuanguka, au kila mtu lazima akitulize kabla ya kutoa. Hapo mnashindana na kifuko, wote upande mmoja.

Kuhusu kifuko gani, kwa duara la watu mchanganyiko chagua cha kufuma kwa uzi au cha mchanga kilicholegea, kinatua kinakaa, hakimkimbii mgeni. Vile vyenye vipande vingi, 32 na kuendelea, vya kitambaa laini, ni vizuri sana kwa wanaofanya staili ila ni ghali na mgeni hatoona tofauti. Vigumu vya wavu msilete kabisa, vinadunda.

Na idadi. Wanne mpaka sita ndo penyewe. Watatu inachosha miguu haraka, saba na kuendelea mtu anasubiri mpaka anapoa na mzunguko hautimii hata kwa mafundi, kwa hiyo wakija watu msiwatanulie duara kubwa kwa ukarimu, gaweni maduara mawili, na mafundi wasisimame wote upande mmoja. Kifuko cha pili kiwe kwenye begi muda wote kwa ajili hiyo.