Sifa ya kujikaza inavyotuponza Goma

Kila Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, inapopatwa na janga, sifa huja ileile: watu wa Goma ni wagumu, wanajikaza. Tulisifiwa hivyo hata benki zilipofungwa mwaka 2025. Si sifa ya uongo. Lava ya Januari 2002, ya volkano yetu Nyiragongo, ilipita katikati ya mji na kuacha watu wapatao 120,000 bila makao, lakini baadaye mawe yaleyale yakavunjwa kwa nyundo yakawa misingi ya nyumba mpya. Mwanasaikolojia George Bonanno aliandika mwaka 2004 kwamba wengi wanaofikwa na msiba mkubwa hawavunjiki, huendelea na maisha. Wanaotuhimiza tuutunze moyo huo hawakosei. Bila huo hata chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, zisingetembea.

Mimi lakini siachi kuiwaza Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021. Nyiragongo ulilipuka jioni na hakuna aliyetuonya. Tulijua tulipoona mbingu nyekundu. Fedha za Benki ya Dunia kwa kituo kinachouchunguza mlima zilikuwa zimekwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata intaneti ya kupokea habari za mitambo iliyoko huko juu. Miaka 19 baada ya lava ile! Mji unaojulikana kwamba utajijenga wenyewe, nani ataona haraka ya kuulipia onyo? Kujikaza kwetu kumekuwa bajeti ya wengine.

Ndani ya nyumba mambo ni hayohayo. Jirani yangu anayeuza makala, yaani makaa, alipoteza nyumba Buhene usiku ule. Muda si mrefu alikuwa sokoni tena, na sote tukamwita mwanamke wa nguvu. Kwa kuwa ni wa nguvu, hatukumwuliza kitu. Mwaka jana nikamwuliza kama analala. Aliendelea kupanga mafungu yake, moja, mbili, tatu, kisha akasema, "Nalala na viatu." Kituo cha afya hajaenda. Anaona wako wenye shida kuliko yeye.

Kwenye mkutano wa avenue yetu, yaani mtaa wetu, kijana mmoja aliuliza king'ora cha mlima kikilia tukimbilie njia gani, na nani atawabeba wazee. Mkubwa mmoja akamjibu kwamba Goma imezoea. Watu walipiga makofi, nami nikapiga. Swali la yule kijana halikujibiwa.