Godoro la babu yake Lincoln

Farasi mwekundu, pauni 8. Farasi mweusi, pauni 9 na shilingi 10. Ng'ombe na ndama wake, pauni 4 na shilingi 10. Majembe matatu ya palizi, shilingi 7 na peni 6. Kinara cha mshumaa, shilingi moja na nusu. Shoka moja, shilingi 9.

Orodha hii ilifikishwa mbele ya mahakama ya kaunti ya Nelson, Kentucky, tarehe 10 Machi 1789. Wathamini walikuwa wamemaliza kupekua vitu vya marehemu Abraham Lincoln. Rais wa Marekani mwenye jina hilo hilo alikuwa hajazaliwa. Huyu ni babu yake mzaa baba, mlowezi aliyeuza shamba lake Virginia, akavuka milima na familia, akauawa na Wahindi Wekundu Mei 1786 akiwa anafungua shamba msituni. Hakuacha wosia.

Nakiri nimeisoma orodha hiyo mara nyingi kuliko nilivyoisoma hotuba ya Gettysburg, ile maarufu ya rais. Nina ugonjwa wa kupenda karatasi za mirathi. Ulinianza siku nilipopewa kalamu kwenye kikao cha ukoo, baada ya arobaini ya baba mdogo. Nikaandika baiskeli, redio, mashine ya kushonea ya miguu. Nilipotaka kufunga daftari shangazi akaniambia, "Mwanangu, andika na kinu." Nikaandika kinu. Mpaka leo, nikitaka kukumbuka nyumba ile ilivyokuwa, sikumbuki picha. Nafungua lile daftari.

Ndiyo maana nikiona watu wanatafuta mababu zao kwa kukimbilia wosia, huwa nawaambia wanaanza kubaya. Wosia ni maneno ya mtu aliyejiandaa kufa, na anayejiandaa hujipamba. Orodha ya mali huandikwa na majirani walioapishwa, wanaingia ndani, wanafunua kila kitu, na marehemu hana nafasi ya kuwaambia kile msikiandike.

Tazama hili tu. Katika nyumba ya mzee Lincoln palikuwa na magodoro matatu. Bora kuliko yote, la manyoya ya ndege pamoja na matandiko yake, lilithaminiwa pauni 8 na shilingi 5. Palikuwa pia na bunduki tatu: mbili nzuri na gobori moja kuukuu. Ukizijumlisha zote unapata pauni 6 na shilingi 15. Kwa hiyo godoro moja lilizishinda bunduki zote za nyumba, tena lilimpita hata yule farasi mwekundu. Sisi tuliolelewa na filamu za walowezi tumezoea kumwona mtu wa mpakani amesimama mlangoni na bunduki. Majirani zake waliona mahali pa kulala. Hata godoro la tatu, lililojazwa manyoya ya bata mzinga, lilikuwa na bei yake: pauni 1 na shilingi 10. Kuna dazeni ya sahani za pyuta, kuna gurudumu la kusokotea kitani, kuna keekee za ukubwa tofauti na vyombo vya kutengenezea ngozi. Meza haipo, kiti hakipo, kitabu hakipo hata kimoja. Jumla yote ni pauni 68, shilingi 16 na peni 6.

Mtafiti mvivu ataishia hapo na kuandika kwamba babu alikuwa maskini. Hapo ndipo karatasi hizi zinapowatega watu. Mzee Lincoln alikuwa na madai ya ardhi ya zaidi ya ekari 5,000 Kentucky, na hakuna hata ekari moja kwenye orodha. Sababu ni sheria. Kentucky wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Virginia, na kwa sheria ya Virginia msimamizi wa mirathi alishughulikia mali zinazohamishika tu: ng'ombe, sufuria, magodoro. Ardhi haikupita mikononi mwake. Ilikwenda moja kwa moja kwa mrithi, na kama hakuna wosia mrithi alikuwa mtoto wa kiume wa kwanza. Peke yake.

Kwa msomaji aliyezoea mafungu ya Kiislamu, ambamo watoto wa kiume hupata sawa kwa sawa, hili linashangaza. Kuna hata makabila kwetu ambamo kitinda mimba ndiye anayebaki na boma la baba. Lakini kwa familia hii kifungua mimba, Mordecai, alichukua ardhi yote. Josiah hakupata. Thomas, kitinda mimba wa kiume, mtoto wa miaka minane au kumi hivi, naye hakupata. Huyo Thomas ndiye baba yake rais.

Sasa angalia tarehe. Sheria ya kumpa kifungua mimba kila kitu ilikuwa imeshafutwa kwenye makaratasi mwaka 1785, katika marekebisho ya sheria za Virginia yaliyoandaliwa na Thomas Jefferson na kusukumwa bungeni na James Madison. Ila ilipangwa iache kutumika tarehe 1 Januari 1787. Mzee aliuawa Mei 1786. Miezi saba na ushei. Angefia shambani Februari iliyofuata, Thomas angekuwa na fungu lake.

Mimi nadhani hapo ndipo hadithi ya rais aliyezaliwa kwenye kibanda cha magogo inapopaswa kuanzia. Waandishi wengi wamemchora Thomas Lincoln kama mtu mvivu aliyeshindwa maisha, ili mwanawe aonekane amepanda kutoka shimoni. Nyaraka zinaonyesha yatima aliyenyimwa ardhi kwa kalenda, akakua kibarua wa kuhamahama, akajifunza useremala, na mwaka 1803 akanunua shamba kwa fedha yake mwenyewe. Alipoondoka Kentucky mwaka 1816, mwanawe aliandika baadaye kwamba utumwa ulichangia, lakini sababu kubwa ilikuwa matatizo ya hati za ardhi. Na husimuliwa kwamba rais alipenda kutania kuwa baba yake mkubwa Mordecai aliondoka na vipaji vyote vya ukoo. Vipaji, na ardhi pia, mheshimiwa.

Kumbukumbu za ukoo zisingetufikisha hapa. Rais mwenyewe, alipoandika maelezo mafupi ya maisha yake mwaka 1859, alisema babu alihamia Kentucky 1781 au 1782 na akauawa mwaka mmoja au miwili baadaye. Lakini Mei 1785 babu huyo bado yuko kwenye karatasi za upimaji wa shamba lake la Long Run, anaweka alama za mipaka. Wala usimtafute kwa jina la Lincoln tu. Karani kamwandika Linkhorn. Na mirathi usiitafute kaunti ya Jefferson alikofia. Mjane alihamia Nelson, na faili likamfuata.

Jina la mjane huyo, Bathsheba, nalo lina kisa. Kuna waliodai miaka mingi kwamba mke alikuwa mwanamke mwingine. Kilichosaidia ni hati ya mauzo ya shamba la Virginia ya mwaka 1780. Kisheria mke alikuwa na haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya mumewe maisha yake yote akifiwa, kwa hiyo mnunuzi hakuwa salama mpaka mke naye aikane haki hiyo mbele ya mahakimu. Kwa kumtaka aachie haki, sheria ikahifadhi jina lake.

Wapo ambao sheria haikuwahifadhi kabisa. Shawnee na makabila mengine ya Wahindi Wekundu, waliowinda kwenye misitu hiyo kabla ya Long Run kuwa na mpimaji, hawana faili katika mahakama yoyote. Na ukifungua kurasa za wenye mali wa Kentucky ya siku hizo utakuta watu weusi wameandikwa kwa jina moja moja na bei mbele yake, mstari mmoja juu ya ng'ombe. Mordecai mwenyewe alimiliki watumwa. Wajukuu wa watu hao leo wanawatafuta mababu zao katika orodha hizo hizo, na wakimpata mtu wanampata na bei yake.

Rais Lincoln alikuwa wakili kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipouawa Aprili 1865 hakuwa ameacha wosia, kama babu yake. Rafiki yake David Davis, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, akasimamia mirathi: zaidi ya dola 110,000, zikagawanywa mafungu matatu sawa, kwa mjane Mary na wana wawili waliobaki. Robert, mkubwa, alikuwa na miaka 21. Tad, mdogo, alikuwa na miaka 12, akapata sawasawa na kaka yake.