Kulungu wa Pennsylvania Anazijua Yadi Zake Hamsini

Ndugu zanguni, mimi sina ugomvi na serikali inayotaka wanyama wahifadhiwe. Mimi ni mtu wa Kilifi, na kwetu Kenya suala zima la uwindaji lilimalizwa mwaka 1977 kwa neno moja ambalo hata mtoto wa chekechea analielewa: marufuku. Ukikutwa na nyama ya mwituni, unajua unakopelekwa. Lakini hapa Pennsylvania, ninakolipa kodi na kuzoa theluji mlangoni pangu, nimeambiwa kwamba kuwinda kunaruhusiwa, tena kunapendwa, na ruhusa hiyo imenikosesha usingizi kuliko marufuku yoyote niliyowahi kuishi nayo.

Chanzo cha yote ni mchicha. Nyuma ya nyumba nina matuta machache ya mchicha na matembele, na kila alfajiri kulungu huja wakachuma ncha changa peke yake, zile ambazo Mama Salma angezitia nazi, wakaniachia mabua. Wala hawali kwa hofu. Mmoja huinua kichwa na kunitazama dirishani huku akitafuna, sikio moja likielekea barabarani na jingine likielekea kwangu, kisha huinama na kuendelea. Bunduki sitaki ilale kwenye nyumba yenye watoto, na upinde wa kawaida unadai mazoezi ya muda mrefu na bega ambalo ghala la mizigo ninakofanya kazi limekwisha kulichukua. Ndipo nikashauriwa ninunue upinde wa kifyatulio, ule wenye kitako cha kuegemeza begani, ambao ukishautega unatulia hadi utakapokuwa tayari.

Nilipokwenda kukata leseni, niligundua kwamba hapa haikatwi leseni, zinakatwa leseni. Kabla ya yote lazima uhudhurie mafunzo ya mwindaji, hata uwe na mvi. Kisha kuna leseni ya jumla ya dola 20 na senti 97, na juu yake leseni ya upinde ya dola 16 na senti 97. Sijui ni nani aliyekaa ofisini akaona kwamba hizo senti tatu tatu zitanifariji. Kulungu asiye na pembe ana leseni yake ya peke yake, ambayo kwa miaka mingi wenyeji waliiomba kwa kutuma bahasha za rangi ya waridi kwa mweka hazina wa kaunti, na ambayo hutumika katika eneo moja tu kati ya maeneo ambayo jimbo limejigawia. Mpaka wa maeneo hayo mara nyingi ni barabara. Kwa hiyo kulungu jike akivuka lami baada ya kula mchicha wangu, amehamia chini ya karatasi nyingine, naye havuki kwa bahati mbaya, huvuka kwa makusudi.

Upinde wenyewe nao una masharti yake. Sheria inataka nguvu ya kuuvuta isipungue ratili 125, yaani karibu kilo 57, na makali ya ncha ya mshale yawe na upana usiopungua inchi 7/8. Kuutega ni kuingiza mguu kwenye kikanyagio cha mbele, kupitisha kamba ya msaada nyuma ya kitako, kutia ndoano mbili kwenye uzi wa upinde, kisha kunyanyuka kwa mgongo wote mpaka usikie mlio mdogo unaokuambia kwamba uzi umeshika na kiuno chako kimeachia. Mama Salma, aliyekuwa akinitazama kutoka jikoni, aliniuliza kwa upole kama kulungu naye ana mazoezi yake anayofanya.

Hata hivyo, kinachonichosha zaidi ni kwamba wenye chombo hiki bado hawajakubaliana ni chombo gani. Jirani yangu mmoja, mzee wa makamo anayewinda kwa upinde wa kawaida tangu ujana wake, huniambia bila kumung'unya maneno kwamba nimenunua bunduki isiyo na baruti. Rafiki yake mwenye bunduki huniambia nimenunua kitu cha kuchezea watoto. Kama popo wa hadithi zetu, upinde huu ukienda kwa ndege unaambiwa una meno, na ukienda kwa wanyama unaambiwa una mabawa. Klabu ya Pope and Young, inayotunza kumbukumbu za wanyama waliowindwa kwa upinde Amerika Kaskazini, haimwandiki mnyama aliyepigwa kwa upinde wa namna hii. Jimbo la Oregon haliutaki kabisa katika uwindaji. Hapa Pennsylvania, katika msimu wa pinde, ulikuwa umeachiwa zaidi watu wenye ulemavu, mpaka mwaka 2009 Tume ya Wanyamapori ilipowafungulia wengine wote. Tena ubishi huu ni mkongwe, maana mwaka 1139 mtaguso wa Kanisa uliokutana Laterano, mjini Roma, ulilaani matumizi yake dhidi ya Wakristo. Juu ya wala mchicha haukusema kitu.

Matokeo ya kutokubaliana huko nayabeba mimi mwilini. Mwezi wa Oktoba, chombo changu kikihesabiwa kuwa upinde, naweza kuvaa nguo za rangi ya majani na kujificha. Ukifika msimu wa bunduki, unaoanza Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani, chombo hichohicho kinaruhusiwa mradi nivae rangi ya chungwa inayong'aa, isiyopungua inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni, ionekane kila upande. Wataalamu wanasema kulungu haitofautishi rangi hiyo na majani kama sisi tunavyoitofautisha, na mimi nakubali. Ila jirani zangu wote wanaitofautisha, na sasa mtaa mzima unajua siku ninazokwenda kurudi mikono mitupu.

Saa za kuwinda zimepangwa katika jedwali la dakika, kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na hapo mimi niliyelelewa kwa adhana sina taabu. Taabu ni pembe. Sehemu kubwa ya jimbo, dume halali ni yule mwenye ncha tatu upande mmoja wa pembe, na ncha haiitwi ncha mpaka itimize inchi moja. Upande wa magharibi, ile iliyo karibu na paji la uso haihesabiwi. Natakiwa basi, kabla jua halijatoka, nipime inchi kwenye kichwa cha mnyama ambaye hajakubali kupimwa. Jumapili, siku pekee ninayopumzika, ilifungwa na sheria ya tangu mwaka 1873, ikaanza kulegezwa kwa Jumapili chache, na marufuku yenyewe ikafutwa mwaka 2025, mwaka uleule ambao msimamizi wangu kazini alinipangia zamu za Jumapili.

Halafu kuna habari ya chambo. Ni kosa kuwinda mahali palipowekwa nafaka, matunda au chumvi ya kumvutia mnyama, na hata ukikiondoa chambo, mahali pale hapafai mpaka siku 30 zipite. Nikauliza, na mchicha wangu je? Nikajibiwa kwamba mazao yaliyosimama shambani kwa kilimo cha kawaida si chambo. Nikang'amua, basi, kwamba mchicha ukiwa kwenye tuta ni kilimo, lakini nikichuma fungu moja nikalitupa hatua chache kutoka hapo kwa nia mbaya, nimekuwa mhalifu. Mama Salma sasa hukusanya mabua yote kwa ufagio, asije akaniweka matatani.

Jambo moja limenituliza. Shekhe wetu aliniambia kwamba Bismillahi ikitangulia mshale, na ncha ikakata kwa makali yake badala ya kuponda, nyama ni halali. Inchi 7/8 za Tume na fatwa ya shekhe zimekutana hapo bila kikao. Zinapoachana ni baadaye, kwa kuwa Tume inataka kabla mnyama hajasogezwa nijaze kadi kwa kalamu ya wino, niandike tarehe, saa na mahali, niifunge sikioni mwake, kisha nitoe taarifa ndani ya siku 10. Shekhe hakudai hata sahihi.

Yote hayo nimeyapokea. Lililonishinda ni yadi 50. Mwenye upinde haruhusiwi kuwinda ndani ya umbali huo kutoka nyumba inayokaliwa na watu bila idhini ya wakaazi wake, na matuta yangu yamekaa karibu na jikoni la mama jirani kuliko langu. Kulungu wanalijua hilo. Wakishiba huenda kulala chini ya dirisha lake, wakicheua mchicha wangu katika eneo la usalama. Juzi nilijitia moyo nikabisha hodi, nikaeleza shida yangu kwa adabu zote nilizofunzwa nyumbani, naye akanipa chai na ruhusa ya maandishi, kwa sharti moja kwamba nisimguse Daisy. Nikamshukuru, nikamuuliza Daisy ni yupi kati yao. Akanionyesha kidole dirishani, akaniambia kwamba yule mkubwa ni Daisy, na wale wengine ni watoto wa Daisy.